Gurudumu Bado Linayumba

Fundi wa baiskeli wa pale Kariobangi hakuwa mtu wa kucheka. Ukimpelekea gurudumu, hujifuta grisi shatini kwanza, kisha hulizungusha na kulisogezea shavu, asikie upepo wake. "Bado linayumba, mama. Njoo kesho," ndivyo alivyomwambia Aoko siku tatu mfululizo, kwa sauti ile ile ya msibani. Siku ya nne Aoko alifika amefura kwa hasira, matusi yote ameshayapanga, akapigwa na butwaa mlangoni. Fundi alikuwa amekaa kwenye stuli aliyoifunga juu ya beringi ya gari ili izunguke, miguu hewani, ameshika ekseli, kile chuma cha katikati, kwa mikono miwili, gurudumu la Aoko likizunguka mbio mbele ya kifua chake. Akaliinamisha kushoto, stuli ikageuka yenyewe. Akaliinamisha kulia, ikarudi. Hakuna aliyemsukuma, naye alikuwa akicheka kama mtoto anayetekenywa.

Alipomwona Aoko alikanyaga chini upesi, akajikausha. "Nalipima tu, mama. Lilinyooka tangu juzi."

"Tangu juzi!" Aoko akatua kikapu, akakaza leso kiunoni. "Hebu shuka hapo. Na mimi nilipime."