Nilimwambia Mnunuzi Gari la Baba Halijawahi Kugongwa

Admin, naomba usitaje jina langu wala la garage, huku kwetu watu wanajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, fundi wa magari hapa Kericho mjini. Sijaolewa, na mzazi niliyebaki naye ni baba peke yake. Mama alifariki nikiwa na miaka miwili. Maisha yangu yote niliambiwa ni nimonia.

Baba alikuwa dereva na fundi wa meneja mmoja wa shamba la chai, mzungu. Yule mzungu aliporudi kwao alimwachia baba gari lake dogo la spoti, la kijani, viti viwili tu. Nimekua nikiliona chini ya kibanda cha mabati nyumbani Kedowa, limefunikwa turubai. Kazi yangu ilikuwa kulipangusa vumbi, basi. Kufungua hata boneti alikuwa hataki. "Hii iko vile ilitoka kiwanda," alikuwa anasema. "Hakuna mtu amewahi kuigusa."

Lakini kwa magari ya watu wengine, baba alinifundisha kila kitu. Alinipa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi, akaniambia niipitishe kwenye bodi polepole. Ikishika, chini kuna bati. Ikiteleza, chini kuna filla ya kuzibia, na hapo gari liliumia hata kama rangi inang'aa. Kwa sumaku hiyo nimepata jina. Watu wanaotafuta magari ya zamani wananiita niwakagulie kabla hawajanunua, kwa sababu sifichi kitu.

Mwaka huu miguu ya baba ilikataa kabisa, akakubali kuuza. Akaja mtu wa Nairobi anayekusanya magari kama hayo. Alijua mimi ni binti wa mwenye gari, na bado akaniambia, "Fundi, nimeuliza watu, wanasema huwezi danganya hata kama ni ya mzee wako. Icheki. Chenye utasema ndicho nitashika."

Baba hakufurahi. "Kwani neno yangu haitoshi?" Mimi nikacheka, mjinga mimi. Nikamwambia, "Mzee, wacha nikutetee na sumaku yako mwenyewe."

Upande wa kulia sumaku ilishika kila mahali. Kulikuwa na kutu kidogo chini ya mlango, kutu ya kawaida ya mvua zetu, na nikajivunia sana. Nikazunguka upande wa kushoto, anakokaa abiria. Sumaku ikaanguka kwenye nyasi. Nikaiokota, nikajaribu tena, ikaanguka tena. Namba iliyogongwa ndani ya mlango wa kushoto haikufanana na ya kulia, maana yake mlango ule ulitoka gari lingine. Nikainua kapeti chini ya kiti cha abiria, nikaona sakafu imekatwa na kuchomelewa bati lingine. Baba anatumia mkono wa kushoto, na anapochomelea kila doa linavuta mkia upande mmoja. Nilijifunzia kazi kwenye madoa hayo. Nikagusa na bisibisi pale kiti kinapofungwa, ikazama. Kutu ilikuwa imekula bati lote; breki moja kali na kiti hicho kinang'oka na aliyekikalia.

Mnunuzi alikuwa getini anaongea na simu. Baba alikuja na fimbo yake, akasimama nyuma yangu.

"Lakwee, mtoto wangu, wacha hapo."

Sikugeuka. Nilijua kuna kitu kinakuja na sikukitaka.

"Mama yako hakuumia sana. Alienda mara moja."

"Si mlisema ni nimonia?"

"Ni mimi nilikuwa naendesha. Tulikuwa tunatoka Chepseon, mvua ilikuwa kali. Wewe ulikuwa kwa mapaja yake. Ulirushwa ukaangukia kwenye majani ya chai shambani, hata hukukwaruzwa."

Mnunuzi akarudi, simu bado mkononi. "Haya fundi, ni original ama tunacheza?"

Nilimwangalia baba. Alikuwa ameegemea fimbo yake, na hakuniomba chochote. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Ni original. Haijawahi kugongwa." Gari likapakiwa kwenye lori siku hiyo hiyo.

Nina hasira na baba, halafu nikikumbuka alikaa na siri hiyo uani kwake miaka yote, namhurumia hadi nalia. Kwa nini alinifundisha sumaku? Siku nyingine naamini alitaka nije nijue bila yeye kufungua mdomo. Siku nyingine naona najifariji tu.

Ningejaribu kuishi na hayo. Lakini Jumapili yule mnunuzi alinitumia picha kwa WhatsApp. Mke wake amekaa kile kiti cha kushoto, anacheka, na kwenye mapaja yake kuna mtoto wa kama miaka miwili. Ameandika, "Fundi, asante sana, wife ameipenda. Jumamosi tunashuka nayo Naivasha."

Nilienda Kedowa nikamwambia baba lazima nimpigie huyo mtu.  Akauliza, "Na akikuuliza nani alikuwa anaendesha?" Tangu siku hiyo shangazi anayempikia anasema chakula kinarudi jikoni vile kilivyoenda, na baba ameanza kuelekeza watu mahali anapotaka azikwe.

Leo ni Alhamisi. Namba ya yule mtu iko hapa mbele yangu, nimeibonyeza mara nne na kukata kabla haijaita. Ndugu zangu, mlio na wazazi na mlio na watoto, niambieni, nitafungua vipi mdomo bila kumuua baba?