Diski Mbili Kwenye Waya Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilishtuka kabla sijashika hata bisibisi. Karakana ilikuwa mtaa wa Bondeni, juu ya duka la vitambaa, na Fundi Mkuu alikuwa amefungua kasha la kompyuta mezani, matumbo yote nje. Mimi Mtaita wa Voi, na cheti changu kipya mfukoni, nilidhani ndani ya kompyuta mna maajabu. Mlikuwa na vumbi, mende mkavu, na waya bapa, mpana kama mkanda wa suruali.

"Wauona waya huu?" Fundi Mkuu aliniuliza. "Washika vitu viwili. Huku diski kuu, inayohifadhi kazi zote. Huku kisoma CD. Walioutengeneza wakamwita mmoja bwana, mwengine mtumwa. Karakanani mwangu neno hilo halitamkwi. Mji huu umeona watu wakitiwa minyororo. Sema mkubwa na mdogo."

Chuoni tulilikariri neno hilo kama wimbo, na hakuna hata mwalimu aliyekunja uso.

"Na njia hii hupita mmoja mmoja," aliendelea. "Mdogo akiwa na shughuli, mkubwa husubiri. Ni kama vichochoro vya Mji wa Kale. Mkokoteni wa mbele ukikwama, wa nyuma hauna ujanja." Kisha akanituma chai.

Baada ya Bondeni nilihamia kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, iliyokuwa na ofisi ukingoni mwa Mji wa Kale. Cheo changu kilikuwa Msaidizi wa Mitambo, yaani mtu wa kulaumiwa umeme ukipotea. Juu yangu alikuwa Meneja, mcha Mungu, mkarimu wa sikukuu, lakini mwenye ulimi mkali. Na karani wa hati za mizigo alikuwa Bi Mwanaisha, mjane aliyelea wanawe na mamake mgonjwa kwa mshahara ule ule mmoja.

Kompyuta yake ilianza kuwa nzito. Akibonyeza herufi, ilitokea akiwa ameshakata tamaa. Hati zilichelewa, mizigo ikalala bandarini, wateja wakapiga kelele. Meneja akatoka ofisini kwake akamsema mbele ya wateja wote: "Mashine ni nzima! Mvivu ni wewe. Wakaa hapo wacheza michezo." Pwani hapa mtu mzima huitwa kando akaambiwa. Kumvua nguo hadharani namna ile sikuwahi kuona.

Nikaitwa kuipima. Nilisaka virusi, nikaongeza kumbukumbu, nikapakia programu upya. Nikikaa mimi, mashine ilikwenda mbio. Akikaa yeye, ilikuwa kobe. Niliibeba hadi chumba cha mitambo, ikafanya kazi kutwa bila kusita. Nikairudisha, ikazubaa tena. Nakuambieni, nilianza kuogopa. Wenzangu walinong'ona kwamba mama wa watu ana mkosi, na mimi mwenyewe, fundi mzima, nikawa namtazama kwa jicho la pembeni.

Meneja akakata shauri. "Ijumaa, kabla sijaenda msikitini, Bi Mwanaisha atanikabidhi funguo za ofisi," aliniambia. "Mashine umeipima wewe mwenyewe ukasema ni nzima. Wewe ndiye shahidi wangu."

Shahidi! Kumbe uzima wa mashine ile ndio ungemfukuza Bi Mwanaisha kazi, na ushahidi ulitoka kinywani mwangu.

Ijumaa asubuhi nilimkuta hayupo mezani. Alikuwa amekwenda kunawa uso, maana alikuwa amelia. Mashine ilikuwa inawaka, na kwenye spika kaswida ilikuwa ikiimba taratibu. Mara ikakwama, ikawa yarudia neno moja tu. Nikasogeza kipanya. Kioo kimeganda. Taa ya kisoma CD inawaka bila kupepesa. Kaswida ikajinasua, na papo hapo kioo nacho kikaachia.

Nikamkumbuka Fundi Mkuu: mdogo akiwa na shughuli, mkubwa husubiri.

Bi Mwanaisha alirudi, na kabla hajaniamkia vizuri alinyoosha mkono aitoe ile CD. "Ngoja kwanza nikutolee, fundi."

"Bi Mwanaisha, kila nikija huwa unaitoa?"

"Huitoa, kwani? Hizi ni sifa za Mtume. Siwezi kuziacha humo zikatiwa mabisibisi, au zikapelekwa kule kwenu kwenye mavumbi. Meneja alitupa zawadi siku ya Maulidi, akataka zisikike ofisini kila asubuhi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hakuna aloniuliza, mwanangu. Na ningesemaje? Zawadi ya mkubwa, tena ya kheri, niitie ila?"

Basi ugonjwa ulikuwa unatolewa kwa heshima kila daktari anapoingia. CD ilikuwa imechubuka, kisoma CD kikihangaika kusoma palepale penye mchubuko, na diski kuu, iliyofungwa nacho kwenye waya mmoja, ikisubiri zamu. Nikafungua kasha. Kwenye ubao mama, ule unaobeba viungo vyote vya mashine, palikuwa na tundu la pili la waya, tupu, halijaguswa tangu mashine itoke kiwandani. Nikachomeka waya mwingine, nikampa mdogo njia yake, nikairudisha ile CD ndani. Kaswida ilikwama vilevile, lakini herufi za Bi Mwanaisha zilitiririka.

Nikamwita Meneja. Alisimama na kanzu yake nyeupe akaangalia, akasikiliza, akaitazama ile CD aliyoinunua mwenyewe. "Subhanallah," akasema polepole. "Basi yamekwisha, Bi Mwanaisha. Kaa ufanye kazi."

"Hayajesha, Meneja," alijibu mama yule. "Ulinitukana mbele za watu. Nitake radhi mbele za watu."

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yao wote wawili. Wateja walikuwa wamejaa. Meneja akamgeukia, akasema kwa sauti iliyofika mlangoni: "Nilikukosea, mama. Nisamehe." Ndipo akaenda msikitini.

Sasa nimestaafu, nakaa Tudor. Waya zile bapa hazipo tena. Siku hizi kila diski ina njia yake peke yake, na mafundi vijana hunicheka nikiwasimulia. Sawa, wacheke. Lakini juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja huko Kizingo, mkubwa mmoja akamfokea binti wa dirishani kwamba ni mzito wa kazi. Nikaikumbuka Ijumaa ile. Nikapita watu wote hadi dirishani.

"Mwanangu," nikamwambia, "hebu nieleze. Mashine yako inasubiri nini?"

Binti akaniangalia, machozi yakamlenga. "Baba," akasema, "wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."