Punda Wangu Alipoanza Kushindwa Rangwe

Miaka ya tisini, mwenye punda wa mbio Rangwe nzima alikuwa mimi. Wengine walikuwa na punda tu. Shule niliiacha darasa la nne, lakini hata walimu walikuwa wakija kunitazama Jumapili baada ya misa, tukishindanisha punda wanaovuta mikokoteni mitupu kutoka sokoni hadi mtoni.

Basi punda jike wangu akaanza kushindwa. Jumapili tatu mfululizo alitoka mbio, akafika nusu ya njia, akakohoa, akatembea. Mfanyabiashara wa punda kutoka Ntimaru akaja kumtaka. Kwa hasira nikamwambia: akishindwa tena, ondoka naye.

Nilimchunguza mwenyewe. Kwato nilikagua zote nne, nikamfungua mdomo nikatazama meno, nikampa dawa ya minyoo. Daktari wa mifugo kutoka Homa Bay akamsikiliza kifua pale kivulini, akacheka. "Mzee, huyu ni mzima kuliko wewe."

"Omera, ndugu yangu, umerogwa," jirani akasema.

"Mtu wa kuniroga mimi hajazaliwa."

Mke wangu ndiye aliyeuliza, "Baba watoto, alianza kukohoa lini?"

Nikahesabu. Alianza wiki ile nilipomvua mkanda wa gunia wa kifuani, nikamvalisha nira ya ng'ombe. Niliichonga mwenyewe, mti mgumu, ya kupendeza. Niliona gunia ni aibu kwa mtu wa kiwango changu.

Sikutaka kushindwa na mwanamke kwa maneno tu. Nikajifunga ile nira shingoni, nikavuta mkokoteni uani. Majirani wakaja. Hatua kumi, macho yakanitoka.

"Mbona kimya leo?" mke wangu akauliza. "Hujisifu?"

Ningejisifu vipi na koo limebanwa? Ng'ombe ana nundu, nira inakaa pale anasukuma. Punda hana, yeye huvuta kwa kifua. Hilo niligundua mimi kwa shingo yangu, na daktari nilimfundisha baadaye.

Jumapili nikamrudishia gunia. Alifika mtoni akiwa wa pili, nyuma ya punda dume kijana, wala hakukohoa hata mara moja. Mtu wa Ntimaru alikuwa anangoja na kamba mkononi.

"Wa pili ni kushindwa," akasema. "Tulikubaliana."

Alikuwa na haki. Nikampa fahali wangu mzuri badala ya punda, na mpaka leo sijawahi kujuta.