Baba Mdogo Anakwenda Kazini Mbio

Baba mdogo ni fundi cherehani. Naishi kwake tangu nianze sekondari, na sare niliyovaa sasa hivi kaishona yeye. Kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa kukaa. Anakaa asubuhi, anakaa mchana, chai yake vijiko sita vya sukari, na jioni anapanda pikipiki kurudi nyumbani, mwendo wa dakika nne.

Siku moja akajishona kidole. Sindano ilipita kwenye ukucha kwa sababu mguu uliendelea kukanyaga pedali, na yeye alidhani ameshautoa. Nikampeleka zahanati. Nesi alipomfunga kidole akampima sukari, kisha akamwambia afumbe macho, akawa anamgusa nyayo kwa uzi mgumu.

"Ukihisi, sema, baba."

Aligusa mguu wa kulia, akahamia wa kushoto, akamaliza.

"Unaanza lini?" baba mdogo akauliza.

Nesi akakaa chini. Akasema ganzi hiyo imeletwa na sukari, na asiyehisi miguu yake huumia bila kujua, kidonda kikaoza, mguu ukakatwa. Aache sukari, ameze dawa, atembee, na akiweza akimbie.

"Sasa fundi wa mguu mmoja atashonaje?" alisema njiani, kama anayeuliza habari za jirani.

Wiki ya kwanza kila alfajiri alisema kesho. Ndipo akabeba suruali zake zote akazitundika dukani, katikati ya sare za watu. Nyumbani akabakiza kaptula moja. Kuanzia hapo, akitaka kuvaa kama mtu mzima, sharti akimbie hadi dukani, aoge kwa ndoo uani, ndipo avae. Jioni ni vilevile, kaptula na mbio.

Jirani yake wa dukani ni mpiga pasi tunayemwita Mzee Mvuke. Huyo alifurahi kupita kiasi.

"Jamani, fundi wa nguo anakuja nusu uchi! Kweli kinyozi hajinyoi!"

"Cheka, lakini nipishe nipite," baba mdogo akajibu, anahema.

Watu hudhani kukimbia kulimchangamsha. Mimi nilimuuliza, maana huwa nauliza kila kitu.

"Unajisikiaje ukikimbia?"

"Kawaida."

"Na moyo?"

"Unadunda."

"Na chai bila sukari?"

"Ya moto."

Miezi mitatu hakukosa hata siku moja. Viatu vyake vya mbio vilishinda chini ya meza ya kukatia vitambaa. Jioni moja aliingia, akavua viatu, akavuka sebule, na nyuma yake nikaona alama nyekundu sakafuni, za mguu mmoja.

"Baba mdogo, unatoka damu!"

Akatazama chini. "Ni mimi huyo?"

Kisiginoni ilikuwa imezama pini, ile ya kubania pindo kabla ya kushona. Ilianguka kutoka mezani ikaingia kiatuni. Nesi alipokiona kidonda akasema kina siku tatu au nne. Maana yake alikwenda na kurudi mbio juu yake siku zote hizo.

Nesi hakufoka. Alisema tu, "Uvimbe ukifika hapa," akagusa kifundo, "tunakupeleka kwa wapasuaji." Mbio zikapigwa marufuku.

Nilimwangalia kama ataogopa. Alirudi dukani, akakibandua kioo cha wateja ukutani, akakilaza sakafuni ili aone nyayo zake kila asubuhi na jioni. Mzee Mvuke akaja mbio.

"Fundi! Wateja watajitazama wapi?"

"Kwenye upara wako."

Wiki ya pili uvimbe ulipanda hadi chini kidogo ya kifundo, ukakaa hapo siku tano. Ya sita ukaanza kushuka. Wiki ya saba nesi alibonyeza kisigino, kilikuwa kikavu.

"Mguu umebaki wako," akasema. "Kimbia, lakini ukikagua."

Kesho yake alfajiri, nyumbani, alikagua nyayo kwa kioo cha kunyolea, akapindua viatu, akavigonga sakafuni, akaingiza mkono hadi kwenye ncha, cha kulia, cha kushoto, tena cha kulia. Nilikuwa nimechelewa shule, ila nilisimama mlangoni.

"Una hamu?" nikamuuliza.

"Sina," akasema, akafunga kamba, akaondoka kwa mwendo uleule, hadi akapinda kona.