Azimio la Kumleta Karani Puge

Aibu hii nimeificha miaka mingi, na mkinicheka mna haki, maana niliitafuta mwenyewe.

Nilikuwa mwalimu katika kijiji cha Puge, enzi zile za vijiji vya ujamaa, na benki ilikuwa imetuletea gari lake, kila Jumanne linasimama mbele ya ghala la ushirika, unaweka akiba yako, unarudi zako shamba. Mimi wapi! Kila Jumamosi alfajiri nadandia lori hadi Tabora mjini, napanga foleni benki, dirisha la pili, kwa karani Zuhura. (Siku nyingine naweka hela, halafu narudi kuzitoa zilezile, ili mradi nimwone mara mbili.) La maana hatukuwahi kuongea. "Karibu tena, mwalimu," basi, nami wiki nzima naisikia sauti ile.

Siku moja akaja bwana wa benki kwenye mkutano wa kijiji, anauliza kwa nini wengine wanaliruka gari. Bibi Nyamizi, jirani yangu, akasema anaogopa gari litaondoka na hela zake. Mwingine akasema likija yeye yuko shamba. Kisha macho yote kwangu. Si ningesema napenda matembezi, yakaisha? Nikasimama, nikakohoa: "Ndugu mwenyekiti, karani wa dirisha la pili ana subira na wakulima."

Mwenyekiti akadaka palepale. "Basi tuazimie aletwe! Wanaoafiki?" Mikono ikapanda, na wangu juu kuliko yote.

Jumanne moja kweli Zuhura akaja na gari, na yule bwana wa benki yuko naye. Mimi shati nimelipiga pasi, mafuta nimejipaka, niko mbele ya foleni. Nikaona macho yake mekundu.

"Mwalimu, ni wewe uliyeniombea huku?"

"Ndiyo, dada," nikasema, meno yote nje.

"Mama yangu amelazwa hospitali ya Kitete, Tabora. Nikiwa mjini nilimpelekea uji kila mchana, nikamlisha kwa mkono wangu. Sasa kila siku nashinda barabarani na gari hili, na mtu mwingine akimlisha, anakataa kula."

Nikamsihi yule bwana amrudishe, akakataa, eti azimio la kijiji limeandikwa, wananchi wanataka huduma bora. Ndipo nikasema, mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu wote: "Si suala la huduma, bwana. Nampenda. Mjini nilikuwa naenda kumtazama tu."

Lahaula, kicheko! Bibi Nyamizi alikaa chini kabisa. "Uuu! Kumbe mwalimu akiba yake ina macho!" Azimio likafutwa palepale, watu wananyoosha mikono huku wanajifuta machozi.

Zuhura peke yake hakucheka. Wiki ile alirudi mjini, nasi tukaletewa karani mzee mwenye kikohozi, nami nikawa mteja wake mwaminifu, maana dirisha la pili ningelikaribia kwa uso gani?

Tangu hapo niliapa: nikimpenda mtu nitamwambia yeye, si mkutano wa kijiji. Mama yake alipona, nilisikia kwa watu. Nilitamani sana kumuuliza Zuhura mwenyewe, na mpaka leo natamani.