Siku Bibi Alipolisikia Jiwe Kangle

Nilikuwa na miaka tisa bibi yangu, Bi Mwanakheri, alipotoka Unguja kuja kututembelea Guangzhou. Mama alikuwa akisafirisha nguo, na mimi nilikulia huku, nikiwajua watu wa kwetu kwa masimulizi tu. Ukoo wetu ulikuwa wa wachonga mawe na mabaharia. Bibi alipenda kusema kwamba mabaharia wetu waliogopa jiwe na wachonga mawe wetu waliogopa maji, kwa hiyo kila mmoja alimwona mwenzake shujaa.

Alinifundisha mwiko wa machimboni. Machimbo yana mwenyewe, na akitaka kuchukua jiwe lake hugonga kwanza. Ukisikia, toka, wala usimwite mtu kwa jina, kwani jina lililoitwa hapo hubaki naye.

Asubuhi moja Mama alitupeleka mtaa wa Kangle, kwenye karakana ya ghorofani alikoshonesha magauni. Chumba cha juu yetu kilikuwa ghala la majora ya vitambaa. Mama alikuwa akipatana bei na laoban, bosi wa pale, mwanamke wa makamo. Ghafla bibi akainua kichwa. Mimi sikusikia kitu ila vyerehani.

Akapiga makofi mara tatu. "Tokeni."

"Mama, tafadhali," mama yangu alisema kwa aibu. "Hapa ni China."

"Jiwe ni jiwe. Toka."

Mafundi wakacheka. Bibi hakubishana. Alinishika mkono, akamshika na laoban, akamvuta kama mwanawe. Yule bosi, labda kwa kuheshimu mvi, akafuata, na alipotoka yeye, Mama na mafundi nao wakatoka. Kabla hatujafika chini, tukasikia kishindo. Dari ilikuwa imeporomokea meza ya kukatia, na majora juu yake. Hakuna aliyeumia.

"Ulijuaje?" Mama aliuliza.

"Niliisikia ikigonga. Baba yangu hakutoka machimboni siku jiwe lilipogonga," bibi alijibu. "Ami yangu, nduguye baharia, alikuwa ndiyo kwanza ashuke melini. Alimwita jina kwa furaha, na baba akasimama amwitikie."

Nilikuja kusomea ujenzi hapahapa Guangzhou. Najua sasa kwamba zege huweza kulia kabla halijakatika, na kwamba aliyeitwa jina husita. Watu wetu, ambao wengi hawakujua kuandika, waliyaweka yote hayo ndani ya mwiko ambao mtoto hawezi kuusahau. Kama machimbo yana mwenyewe, sijui. Namjua bibi, aliyekubali kuchekwa na chumba kizima cha watu asioijua lugha yao, mradi watoke wakiwa hai.