Boriti ya Kumi na Nne

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ungali umelala juu ya majani ya bonde la mto Kabulu, Moustapha Assumani anaweka sikio lake kwenye shina la mti mwekundu. Anagonga mara tatu kwa kisigino cha shoka, kisha anangoja, kama mtu aliyebisha hodi.

“Huu umekubali,” anasema.

Upande wa pili wa shina, mwenzake Gaston Kalonda anatemea mate viganjani. “Muti haukubali wala haukatai, Moustapha. Kata, jua linakuja.”

Ni siku ya ishirini na sita ya Ramadhani, Agosti 1946. Moustapha hatatia tone la maji kinywani mpaka jua lizame. Gaston amekwisha kula muhogo na samaki mkavu mbele yake, bila haya na bila ubaya. Wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja, wakijenga na kutengeneza madaraja ya miti katika barabara ya Kasongo na Kabambare, kwa faranga tatu kwa siku na chumvi ya Jumamosi.

Kazi iliyo mbele yao haina nafasi ya uvivu. Daraja la Kabulu, lililo karibu na kijiji cha Wamaza, limebomolewa hadi nguzo zake, nalo linadai boriti kumi na nne. Nane tayari zimelala ukingoni. Sita zimebaki, na siku ni nne tu.

Mafundi wa nchi hii hawakati mti wa daraja ila katika siku za giza, mwezi unapokwisha. Mti uliokatwa mwezi ukikua, wanasema, hubaki na maji matamu ndani yake, na dumuzi huula kutoka moyoni kabla mwaka haujageuka. Hilali ikiandama, mashoka hulazwa. Na baada ya siku hizi zitakuja mvua za Septemba. Kivuko ambacho leo maji yake yanafika magotini kitampita mtu kimo, na watu wa Wamaza hawataiona tena njia ya hospitali wala ya soko la Kasongo.

Siku za giza ndizo pia siku za mwisho za Ramadhani, na hapo ndipo penye uchungu wa Moustapha. Tangu ujana wake, kumi la mwisho amelikaa itikafu katika msikiti wa Kasongo, karibu na nguzo ya tatu, hatoki ila kwa haja. Mwaka huu mahali pake pako wazi, na mji unazungumza.

“Wanasema nimemuuza Mungu kwa mbao,” anasema, huku akifuta jasho kwa kiwiko. “Waseme. Mwaka wa arobaini na nne hawakusema kitu, na mwaka ule ndio nilikosa.”

Mwaka 1944 mambo yalipangana vivyo hivyo. Boriti zilitakiwa mwezi wa Ramadhani, siku za giza zikawa ndizo hizohizo za kumi la mwisho, na Moustapha akachagua msikiti. Gaston alikuwa kitandani na homa. Baada ya Idi, Moustapha akatoka mwepesi, uso unang’aa, akaingia msituni siku ya nne ya Shawwali, mwezi mchanga uko juu angani, kwa sababu bwana wa barabara, afisa wa serikali, alikwisha kuweka tarehe.

“Nilijua vizuri kwamba siku zimepita,” anasema. “Nilijiambia, nimesali siku kumi, Mungu atazilinda zile boriti. Nilimfanya Mungu kuwa kibarua wangu.”

Boriti zilisimama miezi kumi. Mwezi wa Julai uliofuata, Mama Émérance, mama wa watoto wanne, Mkristo wa Wamaza, alikuwa akivuka daraja hilihili la Kabulu na chungu cha mawese kichwani. Boriti ya kati ikakatika. Ndani ilikuwa unga mtupu. Aliangukia mawe ya mto, paja likavunjika mahali pawili.

Kapita, msimamizi wa vibarua wa barabara, alisema ni mchwa. Bwana wa barabara akaandika mchwa. Shauri likafungwa, na hakuna aliyeuliza habari za mwezi.

Wawili tu walijua. Mmoja ni Gaston, ambaye alibatizwa na mapadri akiwa mtoto, akaacha kusali mwaka alipozika mke na mapacha wake katika juma moja. “Mimi sina Mungu,” husema waziwazi, msikitini wasikie na misheni wasikie. Ndiye mwangalifu kuliko mafundi wote wa barabara ile. Hukipitia kila kiungo mara mbili, na akiulizwa sababu hujibu: “Sina wa kunisamehe. Boriti nikiiharibu, imeharibika tu.”

Siku ile, hata hivyo, Gaston alinyamaza.

“Nilimwona yule mama anabebwa kwa machela, nikamwangalia rafiki yangu, nikafunga kinywa,” anasema. “Ningenyamaza mpaka kaburi. Huyu ndiye alishindwa kunyamaza.”

Siku ya tisa baada ya ajali Moustapha alikwenda kwa miguu mpaka Wamaza, akaingia uani kwa Mama Émérance mbele ya mumewe na shemeji zake, akasema: “Si mchwa. Ni mimi.” Shemeji mmoja alimpiga kofi. Moustapha hakuuinua mkono wake. Kwa misimu miwili sasa analima shamba la mpunga la nyumba ile kila Ijumaa baada ya sala, na hakuna aliyemwamuru.

Mama Émérance mwenyewe anakuja bondeni leo, kama anavyokuja kila siku, akiegemea fimbo, mguu wa kulia ukichora nusu duara vumbini. Anakaa juu ya boriti ya tatu.

“Kazi yako hapa ni nini, mama?” Gaston anamtania. “Bwana wa barabara amekuandika?”

“Niko naangalia. Nyinyi mafundi muko na mikono mizuri, macho ndiyo hamuna.”

“Sisi? Mimi nilikuwa na homa!”

“Na homa yako ilipona, kinywa je?” Gaston anainama kulitafuta tezo lake la kuchongea. Mama Émérance anamgeukia Moustapha, na sauti yake inashuka. “Mimi nasali kwa Bikira, wewe unasali kwa njia yako, huyu hasali. Lakini siku ile mguu wangu haukuuliza dini. Ulitafuta muti wa kukanyaga.”

“Ni kweli, mama.”

“Basi kata.”

Siku ya ishirini na nane Mwalimu Abdallah, anayesomesha Kurani katika msikiti wa Kasongo, anapita akitoka Kabambare, anashuka baisikeli yake juu ya barabara. Ndiye aliyemfundisha Moustapha herufi. Ukingoni zimelala boriti kumi na mbili. Zingekuwa kumi na tatu, lakini mti mmoja ulijibu vibaya ulipogongwa, Gaston akauchimba kwa patasi, akaukuta mtupu. Nusu siku ikapotea.

“Moustapha, mwanangu, juzi ilikuwa usiku wa ishirini na saba. Ulikuwa wapi?”

“Hapa, Mwalimu. Nilisali juu ya vumbi la mbao.”

“Daraja lina mafundi wengi. Kumi la mwisho halirudi.”

“Hata mguu wa Mama Émérance haurudi, Mwalimu.”

Mzee anatazama mto, anamtazama mama aliyekaa juu ya boriti na mguu wake umenyooka mbele. “Itikafu ni sunna,” anasema hatimaye, “na njia ya watu ni faradhi iliyo juu ya shingo zetu sote. Nalijua hilo. Lakini moyo wangu haupendi kuiona nguzo ya tatu peke yake.” Anapanda baisikeli, akaondoka bila kutabasamu. Moustapha anamsindikiza kwa macho mpaka vumbi linatulia.

Siku ya ishirini na tisa, jioni, boriti ya kumi na tatu inagusa ardhi. Moustapha anafuturu kwa ndizi na maji, kisha wanapanda barabarani kutazama magharibi. Moshi wa mapori yanayochomwa umefunga anga, mwekundu na mzito. Huenda ndiye Mwislamu peke yake kati ya Kasongo na Kabambare anayetamani mwezi usionekane.

Hauonekani. Kijiji hadi kijiji, watu wanapelekeana habari: kesho ni kufunga, thelathini itimie.

“Alhamdulillahi!” Moustapha anapiga kofi moja. “Tumepewa siku.”

Gaston hashangilii. “Moshi umefunika macho yako, ndugu. Muti je? Muti uko na macho?”

Asubuhi ya thelathini, mti wa kumi na nne unasimama mbele yao, mnyofu, wenye afya. Moustapha anagonga, anasikiliza. Umekubali. Anainua shoka. Analishusha.

Kapita amefika, naye ni mtu wa msikiti, amefunga pia. “Unangoja nini? Kamyo, lile gari la mupunga, inapita tarehe kumi na tano ya Septemba.”

“Sijui kama mwezi umeandama.”

“Hujui? Si umefunga leo? Ramadhani haijaisha, basi mwezi haujaandama. Sheria ndiyo hiyo. Kata!”

Hoja imekaa vizuri, na Moustapha anaigeuza moyoni kwa muda. Kisha anaketi chini, shoka mapajani.

“Funga yangu iko kati yangu na Mungu, na Yeye amesema nifuate jicho langu. Jicho likikosa, atanisamehe. Hii boriti iko kati ya mutu na mawe. Nisipojua, siiweki.”

“Nitamwambia bwana wa barabara umekataa kazi.”

“Mwambie. Mwambie pia kwa nini. Boriti kumi na tatu zinatosha njia ya miguu upande mmoja. Nitaijenga na kuiwekea kingo. Kamyo itangoja giza lingine.”

“Na akikufukuza?”

“Nitaukata muti huu nikiwa nimefukuzwa.”

Kapita anaondoka akinung’unika. Huenda Moustapha akakosa mshahara wa Septemba, naye hafichi kwamba mkewe, Safi, atakuwa na maneno. Lakini uso wake umetulia kuliko siku zote nne.

“Kama nisingeamini,” anasema, “ningekata leo. Nani angejua?”

“Mimi siamini,” Gaston anajibu, “na nisingekata.”

Moustapha anamtazama, kisha anacheka mpaka midomo yake iliyokauka inapasuka. “Basi labda Yeye ndiye anakuamini wewe. Mimi bila Yeye, Gaston, najijua. Mwaka ule ningesema mchwa.”

Gaston anaokota tezo lake, anaanza kuchonga boriti ya kwanza.

Idi itamkuta Moustapha hapa Kabulu. Atasali ukingoni, na kanzu yake mpya itabaki sandukuni Kasongo. Mvua zitakuja, na watu watavuka kwa mguu juu ya boriti kumi na tatu. Giza lijalo likifika atarudi kwenye mti huu, na Ramadhani ijayo, madaraja yakiwa salama, anataraji kuketi tena karibu na nguzo ya tatu. “Mwalimu asije akampa mutu mwingine mahali pangu,” anasema.

Anachana kipande cha kilemba chake, anakifunga shinani ili shoka la mtu mwingine lisikosee.

Mama Émérance, ambaye tangu alipoanguka hubeba kila kitu mkononi, ameyasikia yote kutoka juu ya boriti yake. Anajiinua kwa fimbo.

“Siku ngapi?”

“Ishirini na nane, mama. Labda ishirini na tisa.”

“Ukiiweka hiyo ya kumi na nne, kamyo isitangulie,” anasema. “Nitavuka mimi kwanza. Na chungu cha mawese kichwani.”